Chujio la Meseji Taka: Jinsi Linavyofundishwa, na Kwa Nini Ripoti Yako Ina Uzito

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mahindi yanapotoka shambani Trans Nzoia na Bungoma, pesa nyingi hupitia kwa simu. Mnunuzi yuko Eldoret, lori liko Kiminini, mkulima yuko Endebess, na malipo yanafika bila mtu kuhesabu noti hata moja. Ni rahisi na ni haraka. Lakini pia ni wakati ambapo meseji moja ya uongo inaweza kuondoka na jasho la msimu mzima. Magunia 20 ya kilo 90 yakishapakiwa kwenye lori kwa kuamini meseji feki, kuyarudisha ni kazi nyingine kabisa.

Wateja wengi huuliza: "Kwa nini simu isizuie tu hizi meseji za wakora?" Ni swali zuri, na jibu lake ni refu kuliko ndio au hapana. Katika somo hili utajifunza jinsi chujio la meseji taka linavyotengenezwa, linavyokosea, linavyoboreshwa, na kazi ambayo haliwezi kukufanyia. Mwisho kuna zoezi. Kalamu na karatasi vitakusaidia.

Meseji taka ni nini?

Ni ujumbe usioomba, unaotumwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, kwa faida ya anayetuma. Si jambo la juzi. Mnamo Mei 1978, afisa wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Wengi walikasirika. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguliwa: kumfikia mtu mmoja na kuwafikia mamia kulikuwa karibu na gharama ileile.

Kwenye simu zetu, taka ziko za aina mbili. Kuna za kero, kama matangazo ya kamari ambayo hukuyaomba. Halafu kuna za wizi: "umeshinda", "akaunti yako inafungwa", "nimekutumia pesa kimakosa", au ile maarufu ya kukuambia pesa uitume kwa namba nyingine kwa sababu ya kawaida iko na shida. Hiyo ya mwisho inamlenga mtu ambaye kweli alikuwa karibu kutuma kodi ya nyumba au karo. Mkora hajui ni nani. Anatuma kwa wengi na kungoja mmoja.

Hatua ya kwanza: orodha ya maneno mabaya

Chujio la zamani kabisa ni orodha. Unaandika maneno yanayopenda kutumiwa na matapeli: "umeshinda", "zawadi", "tuma". Meseji ikiwa na neno la orodha, inazuiwa.

Shida inaanza siku hiyohiyo. Neno "tuma" liko kwenye meseji ya mkora, lakini pia liko kwenye meseji ya mtoto aliye bweni: "Mama tuma pesa ya trip." Ukizuia neno, umemzuia mtoto. Na mkora akigundua neno limezuiwa, anaandika "2ma". Ukiongeza "2ma" kwenye orodha, anaandika "t.u.m.a". Orodha inakuwa ndefu, na bado mkora yuko hatua moja mbele.

Kosa la orodha ni kwamba inaangalia ishara moja na kutoa hukumu. Mama anayechagua mbegu hafanyi hivyo. Haitupi punje kwa sababu ya rangi peke yake. Anaangalia rangi, uzito, tundu la mdudu, kisha ndio anaamua. Chujio zuri linafanya vilevile.

Hatua ya pili: kuhesabu badala ya kukataza

Mnamo Agosti 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham aliandika makala iliyobadilisha mawazo ya wengi kuhusu barua pepe taka. Alisema tusiandike sheria kwa mkono. Tuchukue rundo la barua taka na rundo la barua halali, tuhesabu kila neno linatokea mara ngapi upande gani, halafu hesabu yenyewe iamue. Kanuni aliyotumia ni ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Graham aliandika kwamba chujio lake lilikuwa likiachia chini ya barua taka 5 katika kila 1,000.

Hebu tufanye hesabu hiyo wenyewe. Namba hizi ni za mfano wa darasani tu. Tuseme tumekusanya meseji 200, taka 100 na halali 100, na tukakuta hivi:

- "kimakosa" liko kwenye taka 30 na halali 2. Uzito wake: 30 kwa 2, yaani mara 15.
- "rudisha" liko kwenye taka 24 na halali 4. Uzito wake: mara 6.
- "mahindi" liko kwenye taka 5 na halali 20. Uzito wake: robo, yaani 0.25. Neno hili linavuta upande wa halali.

Sasa inaingia meseji: "Nimekutumia 4,500 ya mahindi kimakosa tafadhali rudisha." Tunazidisha uzito: 15 × 6 × 0.25 = 22.5. Kwa hesabu hii, meseji ina dalili za utaka mara 22.5 zaidi ya za uhalali. Tuizuie?

Ngoja kwanza. Mkusanyiko wetu ulikuwa nusu kwa nusu, lakini simu ya mtu wa kawaida haiko hivyo. Tuseme katika meseji 20 anazopokea, 1 ni taka na 19 ni halali. Lazima tugawanye kwa 19. 22.5 ÷ 19 ni kama 1.2. Karibu sawa kwa sawa, kama kurusha shilingi juu. Meseji ambayo dakika moja iliyopita ilionekana ni ya mkora kabisa, sasa hatuna uhakika nayo.

Tunaongeza ishara nyingine: mtumaji hayuko kwenye majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Tuseme ni hivyo kwa taka 90 na halali 30, uzito mara 3. Sasa tuna karibu 3.6 kwa 1, yaani uwezekano wa kama asilimia 78 kwamba ni taka. Inatosha kumwonya mteja. Haitoshi kuificha meseji asiione kabisa.

Kumbuka pia kwamba "kimakosa" na "rudisha" hupenda kutembea pamoja, kwa hiyo kuzidisha uzito wao ni kama kumhesabu shahidi mmoja mara mbili. Watengenezaji wanalijua hilo na hulirekebisha kwa njia mbalimbali. Hapa tunataka uone wazo tu: ishara nyingi ndogo, kila moja na uzito wake.

Hatua ya tatu: kulifundisha Kiswahili

Chujio lililofundishwa kwa barua pepe za Kiingereza likiletwa Kitale bila kufundishwa upya, litahangaika. Sababu ziko tatu.

Kwanza, meseji ni fupi. Barua pepe inaweza kuwa na maneno mia tano. Meseji moja ya kawaida ya simu ina nafasi ya herufi 160. Ushahidi wa kuhesabu ni kidogo, kwa hiyo kila ishara inabeba mzigo mkubwa.

Pili, Kiswahili hubandika mambo mengi kwenye neno moja. Tuma, nitumie, umetumiwa, nimekutumia, atakutumia: wewe unajua yote yanatoka kwa kutuma. Kompyuta inayohesabu maneno mazima inaona maneno matano tofauti yasiyojuana. Inabidi ione kila moja mara nyingi ndipo ijifunze. Dawa yake ni kuhesabu vipande vya herufi tatu au nne badala ya neno zima. Kipande "tum" kiko ndani ya yote matano. Njia hii inasaidia hata kwa maandishi ya mkato, kwa sababu mkora akiharibu herufi moja, vipande vingine vinabaki.

Tatu, watu hapa hawaandiki lugha moja. Meseji moja inaanza kwa Kiingereza, inaingia Kiswahili, inamalizia kwa Sheng. Ukivuka kwenda Bungoma, shangazi anamwandikia mpwa wake kwa Lubukusu. Chujio ambalo halijawahi kuona Lubukusu linaweza kudhani ni maneno yasiyo na maana, na maneno yasiyo na maana ni dalili moja ya taka. Matokeo yake, familia inayozungumza lugha yake inazuiwa bila kosa. Hakuna ujanja wa kukwepa hili zaidi ya kulifundisha kwa meseji za watu wa mahali hapo.

Makosa mawili, na gharama zake

Chujio hukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza ni kuachia taka ipite. Kosa la pili ni kuzuia meseji halali. Watu wengi hufikiria la kwanza tu, lakini la pili linaweza kuuma zaidi.

Chukua mfano wa mbolea ya ruzuku ya serikali. Mkulima aliyesajiliwa hupata meseji yenye namba ya vocha, na kwa vocha hiyo huenda kuchukua mbolea yake, kwa mfano kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao. Hebu iangalie meseji hiyo kwa jicho la chujio: mtumaji hayuko kwenye majina ya simu, kuna kiasi cha pesa, kuna msimbo mrefu, kuna maagizo ya kulipa. Ishara zote za taka ziko hapo! Ikizuiwa mwezi wa Machi wakati mvua imeanza, mkulima anapanda bila mbolea, na hasara ataiona wakati wa mavuno.

Kwa hiyo watengenezaji makini hawatumii milango miwili tu. Wanatumia mitatu:

1. Pitisha: dalili ni chache, meseji inaingia kama kawaida.
2. Onya: dalili zipo lakini hazitoshi. Meseji inaingia ikiwa na onyo, na mteja anaamua.
3. Zuia: dalili ni nyingi mno. Inawekwa kwenye sanduku la taka, ambapo mteja bado anaweza kuifungua akitaka.

Ukilegeza kiwango cha kuzuia, taka zinapita. Ukikaza, halali zinazuiwa. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa yote mawili kwa pamoja. Ukiona chujio linalojigamba kwamba halikosei, uliza limepimwa na nani.

Jinsi chujio linavyoboreshwa

Kupima chujio kuna kanuni moja ambayo mwalimu yeyote anaijua: usimpe mwanafunzi mtihani wenye maswali yaleyale uliyomfundishia. Meseji za kulifundishia huwekwa kando na meseji za kulipimia. Likifanya vizuri kwenye zile ambazo halijawahi kuona, ndipo tunasema limejifunza.

Hata likifaulu leo, halidumu. Wakora hubadilisha maneno. Mwaka huu ni "umeshinda", mwaka ujao ni kazi ya mtandaoni, mwingine ni mkopo wa haraka. Chujio lililoachwa bila kufundishwa linazeeka kama mbegu iliyokaa ghalani miaka mingi: linaonekana sawa, lakini halioti.

Hapa ndipo wewe unaingia. Chakula cha chujio ni ripoti. Mtu wa Kimilili akiripoti meseji ya namna mpya saa tatu asubuhi, na wengine wawili wa Webuye wakaripoti ileile, meseji hiyo ikifika kwa mama wa Chwele saa sita inaweza kuja tayari na onyo. Watatu walioudhika wamemkinga mmoja ambaye hawamjui. Ukifuta meseji kimya kimya, umejisaidia wewe tu.

Unaweza kujiuliza: je, mtu hawezi kuripoti uongo ili kumharibia jirani biashara? Anaweza kujaribu. Ndio maana ripoti moja haitoshi kumzuia mtumaji. Chujio zuri hutazama ni watu wangapi wameripoti, kama hawajuani, na kama ripoti zao za nyuma zilikuwa za kweli.

Na siri yako je? Kuripoti meseji moja si kukabidhi simu yako nzima. Huhitaji kumfungulia mtu meseji zako zote. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa zako zitumike kwa kazi iliyotajwa tu. Programu yoyote ikiomba ruhusa ya kusoma meseji zako, uliza kwanza inasoma nini, na inapeleka wapi. Kuna programu za wizi zinazojiita chujio.

Pale chujio linapoishia

Wengi wetu bado tunatumia simu ndogo ya kabambe. Haina nafasi ya programu ya kuchuja. Hata mwenye simu kubwa atakutana na meseji iliyoponyoka. Kwa hiyo kuna kipimo kimoja ambacho hakitegemei chujio lolote, na wakulima wa huku tayari wanakijua kwa jina lingine.

Kitale ndiyo makao ya Kenya Seed, na mbegu feki ni ugonjwa wa zamani. Kifurushi kinaweza kuchapishwa vizuri kabisa, rangi na nembo zote zikiwa sawa. Ndio maana vifurushi vina lebo ya kukwangua ya KEPHIS: unakwangua, unatuma namba iliyofichwa kwa 1393, na jibu linakuambia kama mbegu ni halali. Hukuamini maandishi ya kifurushi. Umeuliza chanzo.

Fanya hivyohivyo kwa pesa. Meseji ni kifurushi, salio ndilo mbegu. Kabla hujapakia gunia, kabla hujarudisha pesa ya "kimakosa", kabla hujatoa bidhaa dukani, fungua menyu ya pesa mwenyewe kwenye simu yako na uangalie salio. Usipige namba iliyo ndani ya meseji. Usifuate kiungo kilicho ndani ya meseji. Salio lisipopanda, hakuna pesa iliyoingia, hata meseji iwe nzuri namna gani na hata mnunuzi awe na haraka namna gani.

Na kama kweli mtu amekutumia kimakosa? Usimrudishie kwa kumtumia mpya. Mwambie apitie kwa huduma kwa wateja ili muamala ubatilishwe kutoka kwenye mfumo. Mtu mkweli hatapoteza kitu.

Zoezi

Pima meseji hizi tatu. Andika kwa kila moja: pitisha, onya, au zuia. Andika pia ishara ulizotumia.

A. Kutoka namba ya kawaida ya simu: "Imethibitishwa. Umepokea Ksh4,500. Salio lako jipya ni Ksh 9,120."

B. Kutoka namba usiyoijua: "Habari ya asubuhi mama, ni mwalimu wa darasa. Kesho kuna mkutano wa wazazi saa nne. Tafadhali usichelewe."

C. Kutoka namba usiyoijua: "Mpendwa mteja laini yako itafungwa leo. 2ma PIN yako kwa hii namba haraka."

Majibu

A ni ya kuonya, na wengi wangeizuia. Maneno yote ni ya kawaida. Ukiangalia maneno peke yake unadanganyika. Ishara kubwa ni mtumaji: taarifa ya malipo huja kwa jina la huduma, haiji kwa namba ya mtu binafsi. M-Pesa, kwa mfano, huja kwa jina MPESA. Tazama jina herufi kwa herufi, kisha tazama salio.

B ni ya kupitisha. Mtumaji ni mgeni, lakini haombi pesa, hakutishi, wala hakupi kiungo cha kubonyeza. Ukiizuia kwa sababu ya ugeni tu, umefanya lile kosa la pili.

C ni ya kuzuia. Kuna kitisho, haraka, mkato wa "2ma", na juu ya yote inaomba namba ya siri. Hakuna mfanyakazi halali atakayekuomba namba ya siri, awe kwa simu, kwa meseji au ana kwa ana kwa wakala.

Kuripoti

Kama laini yako ni ya Safaricom, peleka meseji ya ulaghai au namba ya mkora kwa 333. Mitandao mingine ina huduma kwa wateja yao. Uliza wakala aliye karibu nawe akuonyeshe njia. Kwenye simu janja nyingi, ukiigandamiza meseji kwa muda utaona nafasi ya kuiripoti kuwa taka. Ripoti kwanza, halafu ndio ufute. Na ukikuta meseji halali kwenye sanduku la taka, itoe uiweke alama kwamba si taka. Ripoti hiyo nayo inafundisha, na huenda ndiyo itakayofanya vocha ya mbolea ya mtu mwingine ifike kwa wakati.

Somo hili msomee pia mtu wa nyumbani ambaye hatumii simu janja. Mwonyeshe jinsi ya kuangalia salio kwenye menyu ya simu yake mwenyewe, mara mbili au tatu, mpaka aweze bila wewe.